ChDir Pekee Haitoshi

Hesabu za nyumba ya wageni hapa Mtwapa zaweza kuanzwa kwenye kompyuta ya mapokezi, zikamaliziwa saiba kando ya barabara ya Malindi, kisha zikapelekwa kwa mwenye nyumba Mombasa kwa flashi. Makro ya Excel inayosafiri nazo hivyo huumbua madai kadhaa ya mafundi wetu.

Wanadai amri ya ChDir inatosha kuipeleka Excel kwenye folda uitakayo. Haitoshi. ChDir hubadilisha folda, haibadilishi diski. Ukiwa C: ukaamuru ChDir "D:\Risiti", dirisha la kufungulia faili litabaki C: kana kwamba hukusema kitu. Tanguliza ChDrive "D", ndipo ChDir ifuate. Faili zikiwa kwenye seva ya ofisi, kwa anwani inayoanza na \\, ChDrive haifai kitu. Tumia FileDialog, njia uitie kwenye InitialFileName.

Wengine husema: andika njia nzima ya faili ndani ya makro, mambo yaishe. Ushauri huu ndio unaowatesa watu zaidi. Flashi iliyokuwa E: mapokezini yaweza kuwa G: saiba, na njia inayoanzia C:\Users hubeba jina la mtumiaji wa kompyuta ile, ambalo kwingine halipo. ThisWorkbook.Path hukupa folda ya faili yenye makro, popote ilipochomekwa. Usiichanganye na ActiveWorkbook.Path, inayofuata faili yoyote iliyo mbele wakati huo. ThisWorkbook.Path ina masharti yake, lakini: faili ambayo haijahifadhiwa bado hurudisha utupu, na iliyofunguliwa kutoka OneDrive huweza kurudisha anwani ya https, ambayo ChDir haiijui.

Basi badilisha Application.DefaultFilePath? Huo ni mpangilio wa Excel yenyewe. Makro ikiisha, badiliko linabaki. Kwenye kompyuta ya saiba huko ni kukosa adabu kwa mteja ajaye.

Na GetOpenFilename haifungui faili, ingawa ndivyo wasemavyo. Hurudisha jina na njia yake tu, kama ambavyo GetSaveAsFilename haihifadhi chochote. Mtu akibonyeza Cancel hurudi False, na usipoikagua, Workbooks.Open itakwenda kutafuta faili inayoitwa False. Ikague kwanza. Kisha, ndugu fundi, irudishe folda uliyoikuta, ile uliyoiweka kando kwa CurDir kabla ya kuanza.