Kikavu Juu, Kilicholowa Chini



Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaliona lundo la chakula. Akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tuzingatie: katika habari hii muuzaji hakutajwa kusema uongo. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio, kikavu juu na kilicholowa chini.

Matangazo ya hoteli za kamari hupangwa vivyo hivyo. Upo mfano mmoja unaotugusa Waislamu. Mjini Agra, India, Mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 katika uzazi, kaburi la marumaru nyeupe. Ubavuni mwake upo msikiti, na kutani zimenakshiwa aya za Qur'ani, zikiwamo za Surat Yasin. Jina la kaburi hilo, Taj Mahal, ndilo lililopewa kasino ambayo Donald Trump aliifungua Aprili 1990 huko Atlantic City, Marekani, ikiwa na kuba na minara ya kuigiza. Ilinadiwa kuwa ni ajabu ya nane ya dunia.

Kilicholowa kilikuwa chini. Ujenzi ulitegemea hati za mkopo za dola milioni 675, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Kabla ya ufunguzi, mchambuzi wa masuala ya fedha, Marvin Roffman, alieleza gazetini kwamba majira ya baridi yakiingia mapato hayatatosha. Trump akatishia kuishitaki kampuni iliyomwajiri, na Roffman akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata kasino ilikimbilia mahakama ya ufilisi. Msema kweli alikwisha kuadhibiwa, na sifa zilikwisha kuenea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka nasi tusighushi upande wetu. Kasino ile iliajiri watu wengi, na ilipofungwa Oktoba 2016 takriban watu 3,000 walipoteza kazi. Mwenye kudai kuwa nyumba hizo hazina faida hata chembe kwa yeyote, naye amelipanga lundo lake apendavyo. Qur'ani Tukufu haikufanya hivyo. Katika Surat al-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha akabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Pande zote mbili zimetajwa, ndipo mizani ikatolewa. Katika al-Maida, aya ya 90, ikaja amri ya kujiepusha.

Basi, wazazi wenzangu, picha za mahali pa mapumziko zinapofika nyumbani, zenye bwawa la watoto, chakula cha halali na chumba cha bei nafuu, tuwafundishe watoto kutia mkono ndani ya lundo. Waulize: nani anayefidia unafuu huo? Katika kasino nyingi, jibu ni yule anayepoteza. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vijishimo 38, lakini anayepatia namba moja hulipwa kana kwamba vipo 36. Tofauti hiyo ndiyo riziki ya nyumba, nayo haichorwi katika tangazo.

Na vijana wetu wanaopata riziki kwa kuandika matangazo ya utalii, au wanaosambaza picha hizo kwa jamaa, wakumbuke kwamba maelezo ni amana. Anayesifu mahali kwa familia ya Kiislamu akanyamazia kamari iliyopo ghorofa ya chini, hata kama kila neno lake ni la kweli, amekificha kilicholowa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika kununua, kuuza na kusimulia. Amin.