Gofu Moja, Kumbukumbu Mbili

Ukipita katika miji ya Usukuma iliyokuzwa na reli na pamba, hukosi kuona duka la kale lenye baraza pana, bati limeota kutu, milango imepigwa misumari. Wapitao husema, "Hapa palikuwa kwa Mhindi," wakaendelea na safari. Je, gofu hilo ni ukumbusho wa nani?

Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaongezeka. Walinunua pamba, wakauza kaniki, chumvi na sukari. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani kubwa, na Wahindi wengi wakahamia ng'ambo.

M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam kisha akahamia Kanada, alitoa mwaka 1989 riwaya iitwayo The Gunny Sack. Humo kijana anarithi gunia kuukuu, na kila kitokacho ndani yake kinaleta habari za ukoo wake wa Kihindi katika Afrika Mashariki. Huko Bara Hindi nako, tangu India na Pakistan zigawanyike mwaka 1947, waandishi na wapiga picha wamezirudia mara nyingi nyumba zilizoachwa.

Kazi hizo zina thamani. Hata hivyo, picha ya ukuta uliobomoka ina hila yake: hupendeza macho, lakini haionyeshi mzani uliokuwa barazani. Malalamiko juu ya mizani hiyo yaliwasukuma wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, kuunda vyama vya ushirika miaka ya 1950. Mtoto wa mwenye duka anakumbuka harufu ya jiko la mama yake; mtoto wa mkulima anakumbuka daftari la madeni. Wote wawili wanasema kweli.

Geita ni vivyo hivyo. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa haukurudi hadi mwaka 2000. Kuna aliyeukumbuka kwa nyumba ya meneja, na kuna aliyeukumbuka kwa maumivu ya mgongo. Huyu wa pili hakuandikiwa riwaya.

Basi, leo toa picha za zamani zilizomo sandukuni. Waulize babu na bibi: huyu ni nani, alifanya kazi gani, alilipwa nini? Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli, wazee wangali hai.