Kipeperushi cha PDF kikigoma kufunguka kwa mama, kigeuze slaidi za picha

Mwezi huu tuongee kuhusu karatasi za afya tunazorushiana kwenye magrupu ya familia.

Afrika Kusini ina lugha rasmi 12 tangu 2023, na Kiswahili hakimo. Kwa hiyo hapa Johannesburg, kwa Watanzania na Wakongo wa Yeoville na Hillbrow, vipeperushi vya kliniki tunavitafsiri wenyewe. Mtu anaandika, anahifadhi PDF, anaituma. Vijana wanafungua. Mama mwenye simu ndogo iliyojaa anaona alama ya faili tu, anapita. Picha angeiangalia.

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Uzuri huo ndio tatizo kwenye simu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, skrini kama 7. Herufi zinabaki theluthi moja ya ukubwa wake.

Angalia hatari yake. Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pakiti za ORS zikikosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na ½ kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hiyo ½ ikififia, mtu atasoma 1 au 2. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru vibaya mtoto ambaye mwili umeshakauka. Kwa hiyo andika kwa maneno: nusu kijiko.

Sasa kazi yenyewe. Kama kipeperushi umekiandika mwenyewe, usianze kugeuza. Rudi kwenye Word au LibreOffice, badilisha ukubwa wa karatasi uwe A6, herufi ziwe 18, na kila ukurasa ubebe jambo moja tu. Weka namba juu: 1/6, 2/6, mpaka mwisho. Hifadhi PDF, kisha ndiyo uigeuze.

Kwenye kompyuta yenye Poppler, ambayo ni ya bure, andika:

pdftoppm -r 300 -png kipeperushi.pdf ukurasa

Utapata picha moja kwa kila ukurasa, zenye namba. A6 kwa kipimo cha 300 inatoa picha ya upana wa pikseli kama 1240, inayotosha simu nyingi. Ukiletewa PDF ya A4, kipimo cha 150 kinatoa upana uleule, ila herufi zitabaki ndogo. Chagua PNG kwa maandishi, kwani JPEG huacha ukungu kuzunguka herufi. Huna kompyuta? Fungua kila ukurasa kwenye simu, ujaze skrini, piga picha ya skrini.

Unapotuma WhatsApp, chagua picha kwa mpangilio wake, na uweke HD, kwa sababu programu hiyo hubana picha. Kisha jitumie kwanza, au mtumie mdogo wako, msome kwenye simu ndogo kuliko zote za nyumbani.

Picha nazo zina gharama. PDF ya maandishi matupu mara nyingi ni nyepesi kuliko picha zake zote, na bando la mtu ni hela yake. Slaidi sita zinatosha. Arobaini ni kero. Pia simu inayomsomea asiyeona kwa sauti haiwezi kutegemewa kusoma maneno yaliyo ndani ya picha. Chini ya picha andika yale mistari muhimu, na kwa bibi asiyesoma tuma sauti yako.

La mwisho ni siri za mgonjwa. Tukichangishana matibabu, barua ya hospitali hurushwa ikiwa na jina, namba ya faili na ugonjwa. Wengine huchora kisanduku cheusi juu ya jina ndani ya PDF wakidhani wamelificha. Mara nyingi maneno bado yapo chini yake, na mtu anaweza kuyanakili. Weka kisanduku, geuza ukurasa kuwa picha, kisha tuma picha tu. Usitumie kalamu ya kupaka ya kwenye simu. Wino wake huweza kupenya mwanga, na mtu akiongeza mng'ao jina linarudi. Afrika Kusini ina sheria ya POPIA, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu 2021. Kenya ilitunga yake 2019 na Tanzania 2022. Hata bila sheria, muulize mgonjwa kwanza. Ugonjwa ni wake, si wa grupu.

Wiki hii chukua karatasi moja tu, ile ya dawa za baba au ya chanjo za mtoto, uitengeneze. Halafu mpigie simu uliyemtumia, umwombe akusomee anachokiona. Akisoma sawasawa, kazi imekwisha.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.