Chuma ililipa muziki. Zahabu yetu inalipa nini?

Ndugu wachimbaji wa Misisi na Lubichako, na ninyi mama munaobaki Baraka na watoto, leo niongee juu ya muziki. Siyo ndombolo, hiyo munaijua kunishinda.

Mwaka 1819, kule Austria, mu mji wa Steyr, kulikuwa bwana mmoja, Sylvester Paumgartner, mkubwa mu kazi ya machimbo ya chuma. Feza alikuwa nayo, na violonsele alikuwa anaipiga mwenyewe nyumbani. Akaomba kijana wa miaka 22, Franz Schubert, amutungie muziki ya watu watano: piano, violoni, alto, violonsele na kontrabasi. Ikaitwa « La Truite », jina la samaki wa mito ya kule. Hata leo wanaipiga dunia nzima. Chuma ya siku zile imekula kutu zamani.

Hiyo ndiyo wanaita muziki ya chumba. Haiombi jenereta, haiombi mikro. Watu watano, viti vitano, basi. (Piano ingetusumbua, barabara ya Fizi munaijua. Lakini violoni mbili, alto na violonsele zinatosha. Haydn alitunga nyingi za watu wane.)

Wengine watasema: ni vitu vya wazungu. Basi tuangalie Kinshasa. Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha Orchestre symphonique kimbanguiste mwaka 1994. Violoni zilikuwa chache, watu wengi, wakapeana zamu. Uzi ukikatika, walifunga waya ya freni ya baskeli. Leo wanapiga Beethoven. Mtu anayefunga motopompe kwa kipande cha pneu hawezi kushangaa.

Minaomba hivi. Ninyi ma-PDG wa mashimo, na ninyi wanunuzi wa zahabu: siku shimo limetoa, mbele ya kulipia bar nzima, mutoe bei ya violoni moja. Vijana wako. Kila siku ya Mungu ninasikia korali za Baraka zikipanga sauti ine bila karatasi.

Vita iko, barabara mbaya, na wewe unaleta violoni? Ndiyo. Vita haijazuia mtu kufungua bar.

Tuanze na konseri moja, hata ya wageni. Ukumbi wa parokia unatosha. Na viti vya mbele wapewe mama, juu wao ile feza ya bar hawajaionaka.