Barua kwa Watu wa Mwisho wa Reli

Chicago, Marekani

Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji, Uvinza, Kaliua, na wote mnaojua saa kwa honi ya treni,

 

Swali lenu mmelirudia mpaka limekuwa deni: wewe uliyekaa huko miaka yote hiyo na kuhangaika na matreni yao, ipi bora kuliko zote? Nilikuwa nalikwepa kwa sababu nilijua jibu litawaudhi. Leo nalilipa, kwa kuwa habari za reli ya kisasa ya kutoka Tabora kuja kwetu, kilomita 506, zimetufikia hata sisi tulio mbali, na kuna jambo ningependa mlifikirie kabla haijafika mlangoni.

Kwanza tuelewane ninachokishindanisha. Siongelei mwendokasi. Ile treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, nimeipanda nikiwa likizo. Kiti safi, dirisha safi, na kabla sijamaliza kujua jirani yangu ni mtu wa wapi, tukawa tumefika. Sina neno nayo, ni fahari yetu. Lakini treni ya kilomita 160 kwa saa haikupi nafasi ya kugombana na mwenzako, mkanuniana, halafu mkapatana kwenye chakula. Mimi naongelea treni za kulala ndani, zile ambazo unapanda leo na kushuka kesho au keshokutwa.

Nimezipanga sita. Nianze na ya mkiani, ili tumalizane nayo. Ni Lake Shore Limited, ya hapa Chicago kwenda New York. Inaondoka usiku, Indiana inapita gizani, na sehemu kubwa ya Ohio pia. Siku ya pili alasiri ndipo mto Hudson unapojitokeza dirishani, na hapo kweli unakaa wima. Kabla ya hapo ni njia ya kazi. Basi.

Ya tano itanigombanisha na marafiki zangu wa huku, maana wengi wao wangeiweka ya kwanza: California Zephyr. Inatoka Chicago mpaka Emeryville, ng'ambo ya maji kutoka San Francisco, karibu kilomita 3,900. Ukiondoka mchana wa Jumatatu unashuka alasiri ya Jumatano, kama mambo yamekwenda sawa. Baada ya Denver treni inaanza kupanda milima ya Rocky, inazunguka na kujipinda mpaka unaona kichwa chake kikiwa upande wa pili wa bonde, halafu inaingia kwenye handaki la Moffat. Handaki hilo lina kilomita 10 na lilifunguliwa mwaka 1928. Humo ndani abiria huombwa wasitembee kati ya behewa na behewa, ili moshi wa dizeli usiingie walipokaa watu. Ukitoka upande wa pili unaukuta mto Colorado, na mtafuatana nao kwa saa nyingi. Kuna behewa la kutazamia nje, vioo vyake vinapinda mpaka darini, na watu huwahi viti humo tangu alfajiri.

Sasa kwa nini ya tano? Kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mtu ameshika kamera. Wengi ni watalii, wamelipia milima, na milima wameipata. Nami niliitazama nikatosheka, lakini nilishuka Emeryville bila kujua hata jina la niliyelala kiti cha pili yake.

Jambo moja la njia hiyo lilinikaa moyoni. Ule mpando wa mwisho, milima ya Sierra Nevada, reli yake ilichongwa miaka ya 1860 na maelfu ya vibarua kutoka China, kwa baruti na mikono, theluji ikiwafunika. Nikaikumbuka Tazara, reli yetu na Zambia. Karne moja baadaye, kuanzia 1970 mpaka 1975, Wachina wengine walikuwa wakipasua mwamba kati ya Mlimba na Makambako bega kwa bega na vijana wetu na wa Zambia. Wachina waliofia kazi hiyo kwetu wana makaburi yao Gongo la Mboto, watu huenda kuyazuru. Tazara ni ya nne kwangu, na si kwa huruma. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na ukibahatika kuvuka mbuga mchana, tembo wanakuangalia wewe badala ya wewe kuwaangalia wao.

Ya tatu haina mlima hata mmoja. Inaitwa City of New Orleans. Inaondoka Chicago jioni, kunapambazuka ukiwa Memphis, inateremka katika jimbo la Mississippi lililolala kama mkeka, mashamba na vinamasi, na alasiri unafika New Orleans. Kilomita 1,500 hivi. Mpiga picha angelala usingizi. Lakini njia hii inatakiwa isafiriwe kinyumenyume ili uielewe, yaani kutoka kusini kuja kaskazini, maana ndivyo watu walivyokuja.

Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama kusini kukimbia ubaguzi, kunyongwa ovyo na mashamba yasiyolipa, na wale wa Mississippi wengi walikuja Chicago kwa reli hii hii. Habari kwamba huku kuna kazi iliwafikia kwa gazeti la Chicago Defender, alilolianzisha Robert Abbott mwaka 1905. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ndio waliolipenyeza kusini, mzigo kwa mzigo, mahali ambapo kukutwa nalo kulikuwa hatari. Wahudumu hao hao, chini ya A. Philip Randolph, waliunda chama chao mwaka 1925, na ilipofika 1937 mwajiri wao, kampuni ya Pullman, ikatia saini mkataba nao. Kwa hiyo ukimwona mzee anakupangia kitanda humo ndani, mpe heshima yake. Kazi hiyo ina ukoo.

Safari moja nilikaa na mzee wa makamo ya baba zangu wadogo, anakwenda kwenye mkutano wa ukoo wao karibu na Jackson. Hapa watu weusi wana desturi hiyo kila kiangazi, ukoo mzima unakutana, wengine wakiwa wameshona fulana za rangi moja. Akafungua kuku wa kukaanga. Akanieleza kwamba zamani mtu mweusi hakukaribishwa kwenye behewa la chakula, au alikalishwa nyuma ya pazia, ndiyo maana akina mama walifunga kuku kwenye boksi la viatu kabla ya safari. Nami nikamweleza habari za stesheni yetu ya Saranda, jinsi treni inavyosimama na kuku wanavyopandishwa madirishani hata kama ni saa za usingizi. Akauliza kwa uzito, "Na ninyi nani aliwakataza behewa la chakula?" Nikamjibu kwamba kwetu ni mfuko uliotukataza. Alicheka mpaka abiria wa nyuma wakasimama kuangalia kuna nini.

Haya, ya pili. Shikeni mioyo: ni ya kwetu.

Siwaelezi treni ya Kigoma, ninyi ndio wenyewe. Mjerumani alianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, akafika ziwani mwaka 1914, na waliobeba mataruma ni babu zetu. Nitataja tu ninavyovikosa: madumu ya mawese yaliyopangwa mlangoni mpaka mtu anapita kwa kuomba; harufu ya dagaa ambayo baada ya Urambo huisikii tena, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshakuwa dagaa; asali ya Tabora; chumvi ya Uvinza. Na ile purukushani ya Tabora, mabehewa ya Mwanza yanakatwa huku, ya Kigoma kule, na ole wake aliyekwenda kumsalimia rafiki behewa la mbele akanogewa na mazungumzo.

Wakati wa utoto wangu ningeiweka ya kwanza bila kupepesa. Mto ukijaa Kilosa au Gulwe na kusomba tuta la reli, Kigoma yote ilijua kabla ya redio kutangaza, kwa bei ya sukari. Treni haikuwa chaguo, ilikuwa ndiyo njia. Leo lami imewasogelea, mabasi yanashindana kuamsha watu alfajiri, na anayepanda treni amepima: nauli, mzigo, mgongo. Ni jambo jema. Ila ndilo lililoishusha nafasi moja.

Maana kipimo changu sasa mmekiona. Mimi treni naipima kwa mtu wa stesheni ndogo. Nauliza: isipokuja leo, atafanyaje? Kwa kipimo hicho ya kwanza ni Empire Builder, ya Chicago kwenda Seattle na Portland, ambayo imekuwa ikitembea tangu 1929.

Inapita kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Jioni ya kwanza unavuka Mississippi, usiku unaacha Minneapolis na St. Paul, asubuhi unaamkia nyika za North Dakota, na siku nzima ni Montana. Tambarare, ngano, ghala la nafaka, stesheni, tambarare tena. Vituo vina majina ya kuazima Ulaya: Glasgow, Malta, Havre. Wolf Point wanapanda vijana wenyeji asilia wa Fort Peck. Kuna Waamish pia, Wakristo wasiomiliki magari wala kupanda ndege, familia nzima na vikapu vya chakula, wazee wenye kofia pana, watoto wakiongea Kijerumani chao cha kale. Kuna vibarua wa visima vya mafuta wa Williston, wamelala na buti miguuni. Jioni ya pili milima ya Glacier inakuja, mizuri kama ile ya Zephyr, lakini kufikia hapo unajua nani anashuka wapi na nani anamsubiri. Usiku wa manane Spokane treni inakatwa vipande viwili, kimoja Seattle, kingine Portland. Tabora tupu! Nami, mtoto wa Kigoma, nilikuwa nimeketi behewa langu tangu saa mbili usiku.

Mama mmoja aliyekuwa akishuka Malta alikuwa anatoka kutibiwa Minneapolis. Nilimwuliza kwa nini asipande ndege. Alinitazama kama mgeni wa dunia. Ndege iko wapi? Na gari, barabara ikifungwa kwa theluji, nani atamwendeshea? Treni ni moja kwa siku kila upande, nayo huchelewa. Reli si mali ya kampuni ya abiria, ni za kampuni za mizigo. Sheria ya mwaka 1973 inasema abiria apishwe kwanza, lakini treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishania, nani atampisha nani? Mama yule hakulalamika. Alisema ikichelewa bado inakuja.

Kusini mwa jimbo hilo hilo la Montana haiji. Ilikuwepo nyingine, North Coast Hiawatha, ikipita Billings, Bozeman na Missoula. Mwaka 1979 ilifutwa kwa hesabu za matumizi. Billings ndio mji mkubwa kuliko yote ya Montana, na mpaka leo hauna treni ya abiria. Mwaka 2020 wilaya za huko ziliunda mamlaka yao ya kudai irudi, na bado wanadai. Kufuta kulichukua msimu mmoja.

Ndiyo maana nawaandikia. Reli ya kisasa ikifika, mtashangilia, nami nitakata tiketi nije nishangilie nanyi. Lakini treni ya kasi haiwezi kusimama kila kijiji; ikisimama, si ya kasi tena. Kwa hiyo reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ndiyo itakayobaki na watu wa vituo vidogo, au haitabaki. Mkiitwa kwenye vikao msiulize nauli peke yake. Ulizeni stesheni kwa majina, moja moja, na muulize ni treni gani itasimama hapo na siku gani, na muombe jibu liandikwe. Nyie wa Kaliua, ulizeni na habari za tawi la Mpanda, maana wenyewe mara nyingi hawasikiki.

Na yeyote atakayenijibu kwamba nimeisaliti Kigoma kwa kuipa nafasi ya pili, nitampokea hapa Union Station, nimpandishe Empire Builder mwezi wa kwanza, baridi ikiwa chini ya sifuri, ashuke Havre anyooshe miguu. Tutabishana akiwa amevaa koti langu.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Chicago