Shule Isingoje Mtoto Aharibike

Ipo tabia inayoudhi miongoni mwetu wazazi na walimu: kijana akitulia hatumtazami, akiharibika tunaitisha kikao. Mpaka mtoto avute sigara, atoroke shule au ampige mwenziwe, ndipo mshauri anatafutwa na fimbo inaandaliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na samaki mkunje angali mbichi. Maneno haya tunayakariri kwenye kila hafla, lakini ratiba ya shule haiyajui. Wenzetu wa Hong Kong wameyatenda. Mwaka 2005 walizindua mradi wa malezi ya vijana uitwao P.A.T.H.S. chini ya Profesa Daniel Shek, ukishirikisha vyuo vikuu vitano na shule za sekondari zaidi ya 200, kwa vijana wa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Haukuanza kwa kuuliza nani mkorofi. Wanafunzi wote darasani walijadiliana kwa vikundi, wakaigiza, kisha kila mmoja akajipima nafsi yake: namna ya kuzuia hasira, kusimama tena baada ya kushindwa, kuamua lililo jema rafiki anapovutia upande mwingine. Wenye shida kubwa zaidi waliongezewa mafunzo, na mwalimu mwenyewe alifundwa kwanza kabla ya kuwafunda wengine.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya nyumbani. Ni kweli, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na mzazi wa mjini anayetoka alfajiri na kurudi usiku anauhitaji mkono wa pili. Wengine watalia kwamba mtihani hausubiri. Nani asiyejua uzito wa mtihani kwa Wachina? Katika China bara zaidi ya vijana milioni 12 huomba kuufanya ule wa kuingia chuo kikuu kwa mwaka mmoja, na mwaka 2021 serikali ililazimika kupunguza kazi za nyumbani na masomo ya ziada ya kulipia kwa watoto wa elimu ya lazima. Hata hivyo programu kamili ya Hong Kong ilikuwa saa 20 kwa mwaka, haikufika hata saa moja kwa wiki. Atakayeuliza faida yake ajue kwamba shule 48 ziligawanywa kwa kura, 24 zikapata mafunzo na 24 zikakosa, na vijana wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Tofauti haikuwa ya muujiza, lakini waliofundwa hawakuzama katika ulevi, dawa za kulevya na utundu kwa kasi ya wenzao. Mwalimu mwenye busara hahitaji zaidi ya hapo.

Jambo moja siwezi kulinyamazia. Fedha zilizoanzisha mradi huu, dola za Hong Kong milioni 400, zilitoka kwenye mfuko wa hisani wa Jockey Club, na sehemu kubwa ya mapato ya klabu hiyo hutokana na kamari, ikiwemo ya mbio za farasi. Kazi ni njema, na waliotoa wanastahili shukrani. Lakini ni aibu kwa jamii tajiri maadili ya watoto wake yakitegemea fedha za wanaocheza kamari. Malezi ya shule ya umma yalipiwe kwa kodi ya umma. Nawe mwalimu mkuu unayesoma haya, tenga saa moja kwa wiki kwa malezi haya katika ratiba ya muhula ujao, na mwalimu utakayemkabidhi kazi hiyo umfundishe kwanza.