Korbesa nayo inahitaji ulinzi

Mjadala wa polisi na fedha za kaunti ukizuka Isiolo, aghalabu hukomea mjini, kwenye maegesho, taa za barabarani na matatu zinazosimamishwa njiani. Korbesa, huko Merti, ina hoja zake nzito. Mfugaji akiibiwa mifugo usiku, wa kwanza kufuata nyayo mchangani ni vijana wa kijiji na polisi wa akiba; gari la polisi, likija, huja nyayo zikiwa zimepoa. Mwaka 2019 serikali iliwapokonya bunduki polisi wa akiba maeneo kadhaa ya kaskazini, na wafugaji wakabaki na pengo walilolilalamikia kwa haki. Tuelewane hapa: Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi serikali ya kitaifa polisi, na kaunti ikapewa barabara zake, taa, uchukuzi na maegesho. Kwa hiyo gavana asilaumiwe kwa bunduki, ila asikwepe swali la barabara, maana pikipiki iliyobeba madumu ya maziwa ya ngamia na gari la askari hukwama kwenye tope lile lile. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai wananchi washirikishwe. Watu wa Korbesa, vikao vya bajeti vikiitishwa, nendeni, kina mama mkiwa mbele, mdai barabara yenu iandikwe kwa jina na kiasi chake.